Kumtoa Mtu Nyumbani Pasi na Kumwambia Toka

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema zamhusu Yeye, Mola wa walimwengu wote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa iko dhulma ambayo watu wa miji ya pwani wameizoea hata hawaiiti tena dhulma. Mwenye nyumba amtaka mpangaji wake atoke. Ama kwa kuwa amepata mtu wa kumpa kodi kubwa zaidi, ama ataka kuiuza nyumba, ama wamekosana kwa neno. Lakini hamwandikii ilani, wala hampeleki mbele ya hakimu, wala hata kwa ulimi hamwambii atoke. Leo hukata maji. Kesho huondoa bati la paa, ati alitengeneza, na masika yaja na bati halirudi. Keshokutwa choo cha uani hutiwa kufuli, na taa huzimwa. Mke wa mpangaji na watoto wake hawana tena pa kujisitiri. Mwisho wake mpangaji hukodi mkokoteni, akapakia kitanda na sanduku, akaenda kwa shemeji yake kuomba kijumba cha kulala. Na mwenye nyumba akiulizwa, husema: "Mimi sikumtoa. Ametoka mwenyewe kwa miguu yake." Kisha jioni huonekana msikitini, safu ya mbele. Naye mpangaji, kwa kutoijua haki yake, hulikariri neno lile lile, akasema kuwa ametoka mwenyewe.

Basi neno hili, "ametoka mwenyewe", ndilo la kupimwa katika kurasa hizi. Lapimwa kwa mwendo wa masahaba, kisha kwa Qurani, kisha kwa fiqhi, kisha kwa kanuni za nchi. Na mizani zote nne zatoa uzito mmoja: mwenye kufanyiwa mambo mpaka akatoka, huyo ametolewa; na aliyemfanyia ndiye aliyemtoa, japo hakutamka neno.

Ama mwendo wa masahaba, imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, ya kuwa Waislamu walipozidi kuudhiwa Makka, Abubakar Siddiki alifunga safari kwenda Uhabeshi. Hapakuwa na mtu aliyemshika mkono akamtoa mlangoni, wala Makureshi hawakumwandikia barua ya kumfukuza. Alitoka kwa miguu yake, na mzigo wake, mpaka akafika mahali paitwapo Bark al-Ghimad. Hapo akakutana na Ibnu Daghina, mkubwa wa kabila la al-Qara, naye si Mwislamu. Akamwuliza waenda wapi. Abubakar akajibu ya kuwa watu wake wamemtoa, naye ataka kutembea katika ardhi amwabudu Mola wake.

Angalieni jibu hilo. Siddiki, mkweli wa umma huu, hakusema kuwa ametoka mwenyewe. Alisema wamemtoa. Lau lingekuwa ni uwongo, ulimi wake usingelitamka. Naye Ibnu Daghina hakumbishia kwa kumwambia kuwa hapana aliyemfukuza, bali alisema ya kuwa mtu mfano wake hatoki wala hatolewi. Akarudi naye Makka, akawazungukia wakubwa wa Makureshi jioni ile, akatangaza kuwa Abubakar yu katika himaya yake. Maneno haya mawili, kutoka na kutolewa, aliyaweka pamoja kwa kuwa aliyajua ni mambo mawili, na ya kuwa la pili huweza kuvikwa nguo ya la kwanza.

Ama Qurani, ushahidi wake ni mkubwa zaidi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoka Makka mwaka 622 usiku, kwa siri, pamoja na Abubakar. Makureshi hawakutaka atoke hai. Waliweka zawadi ya ngamia 100 kwa mtu atakayemrudisha. Kwa mtazamo wa macho, yeye ndiye aliyewaacha, nao ndio waliokuwa wakimtafuta. Na juu ya hayo, Mwenyezi Mungu katika Suratut Tawba, aya ya 40, asema kuwa waliokufuru ndio waliomtoa. Na katika Suratu Muhammad, aya ya 13, autaja mji wa Makka kuwa ni mji uliomtoa. Na wale masikini Muhajirina, katika Suratul Hashri, aya ya 8, wasifiwa kuwa ni watu waliotolewa majumbani mwao na katika mali zao, ilhali wengi wao walitoka mmoja mmoja, usiku, bila ya mtu kuwasukuma. Mwenyezi Mungu hakutazama miguu iliyotembea. Alitazama ni nani aliyeifanya nyumba isikalike.

Tena katika Suratul Baqara, aya ya 84 na ya 85, yatajwa ahadi waliyochukuliwa Wana wa Israili, ya kuwa wasimwage damu zao wala wasitoane majumbani mwao. Kisha wakalaumiwa kwa kuivunja. Kumtoa mtu kwake kumewekwa ubavuni mwa kumwaga damu. Basi na aogope mwenye kuliona jambo hili ni dogo.

Huenda mwenye nyumba akajibu, "Makka ilikuwa mji wa Muhajirina, na majumba yalikuwa yao. Hii ni nyumba yangu, nimeijenga kwa jasho langu. Vipi niitwe dhalimu katika milki yangu?" Hoja hii yataka jibu la fiqhi, na jibu lake li wazi.

Mwenye kupangisha nyumba ameuza kitu. Hakuuza kuta wala ardhi. Hizo ni zake. Ameuza manfaa, yaani kukaa ndani, kwa muda uliotajwa na kwa kodi iliyotajwa. Ndiyo maana ya ijara. Katika muda huo manfaa ni mali ya mpangaji, kama vile kodi iliyokwisha kulipwa ilivyo mali ya mwenye nyumba. Mwenye kumwuzia mtu kanzu hawezi kumvua njiani kwa kuwa yeye ndiye aliyeishona. Na Mwenyezi Mungu amewaamuru walioamini, katika aya ya kwanza ya Suratul Maida, watimize mikataba.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameyapanga mambo haya katika Minhaj, kitabu ambacho makadhi wa pwani ya Kishafii wamekitegemea kwa muda mrefu. Ameeleza ya kuwa ni wajibu kumkabidhi mpangaji ufunguo wa nyumba. Ameeleza ya kuwa matengenezo ya nyumba ni juu ya mwenye kupangisha. Akifanya haraka kutengeneza, vyema, na asipofanya, mpangaji ana khiyari ya kuuvunja mkataba. Ameeleza ya kuwa mkataba wa ijara hauvunjiki kwa kufa mmoja wa wale wawili. Basi warithi wasimwambie mpangaji kuwa mapatano yamezikwa pamoja na baba yao. Na ya kuwa nyumba iliyopangishwa ikiuzwa kwa mtu mwengine, kwa kauli yenye nguvu ijara haivunjiki. Mnunuzi angoje muda uishe. Na ya kuwa kitu kikikodishwa kwa muda, kisha kisikabidhiwe mpaka muda ukapita, mkataba umevunjika. Hapana kodi ya kudaiwa kwa manfaa ambayo mtu hakupewa.

Na katika mlango wa ghasbi, yaani kunyang'anya, Imamu huyo huyo amefasiri ghasbi kuwa ni kutwaa haki ya mtu mwengine kwa dhulma. Amesema haki, na haki ni pana kuliko mali ya kushikika. Kisha akataja mtu amsumbuaye mwenziwe mpaka akamwondosha nyumbani na kuitawala nyumba hiyo. Huyo, asema, ni mnyang'anyi, hata kama yeye mwenyewe hakuingia ndani. Basi mwenye kukaa barazani kwake akaamuru maji yakatwe na bati liondolewe, mpaka haki ya mpangaji ikamrudia mikononi, asijidanganye kuwa amesalimika kwa sababu hakutia mguu kizingitini.

Wala asiseme kuwa ana ruhusa ya kuingia apendapo. Katika Suratun Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu amekataza kuingia nyumba zisizo zenu mpaka mpate idhini na kuwasalimu wenyewe. Imamu Baidhawi katika tafsiri yake ameeleza ya kuwa muradi ni nyumba msizokaa, kwani mwenye kukodisha na mwenye kuazima nao pia hawaingii ila kwa idhini. Kwa hivyo kugongagonga mlango usiku, kuingia uani wakati wanawake wako pekee yao, na kuwatuma vijana wakae ngazini wakimtazama kila aingiaye, yote ni katika haramu hiyo.

Hii ndiyo sharia. Sasa zatajwa kanuni za nchi, kwani mtu aliyedhulumiwa hahitaji mawaidha tu. Ahitaji kujua mlango wa kubisha. Yatajwayo hapa ni ya Kenya, ambamo mna Mombasa, Malindi na Lamu. Walioko Unguja, Pemba, Tanga na Dar es Salaam wana kanuni zao, na wawaulize mawakili wa kwao.

Kwanza ijulikane ya kuwa kesi ya kodi haipelekwi kwa kadhi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeziwekea mahkama za kadhi mpaka: hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu. Wengi hupoteza miezi kwa kungoja katika mlango usio wao. Lakini sheikh au wazee wa mtaa wakiwapatanisha wawili kwa ridhaa yao, hilo ni jema katika dini, na Katiba yenyewe, kifungu cha 159, yahimiza upatanisho.

Pili, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 65, imetia katika kila mkataba wa kupanga masharti ambayo mwenye nyumba afungwa nayo hata kama hayakuandikwa. Maadamu mpangaji alipa kodi na kutimiza yaliyo juu yake, akae kwa amani pasi na kubughudhiwa na mwenye nyumba. Na chumba au nyumba ya kukaa iwe yafaa kukaliwa na binadamu, tangu siku ya kwanza mpaka muda uishe. Na mwenye kulipa kodi mwezi kwa mwezi hatolewi ila kwa ilani isiyopungua mwezi mzima, yenye kwisha siku ya kulipa kodi.

Tatu, yako mabaraza maalumu. Mwenye duka, hoteli au mkahawa hulindwa na sheria ya mwaka 1965, ikiwa mkataba wake haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka 5. Huyo hawezi kutolewa ila kwa ilani iliyoandikwa kwa namna ile sheria iliyoagiza, isiyopungua miezi 2. Akiipata ilani hiyo na asikubali, ajibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, na apeleke shauri lake katika baraza la kodi za majengo ya biashara kabla siku ya ilani haijafika. Akinyamaza, amejifungia mlango mwenyewe. Ama nyumba ya kukaa ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, ina sheria yake ya kudhibiti kodi na baraza lake. Na katika sheria hiyo, mwenye nyumba amwudhiye mpangaji kwa kusudi, kwa nia ya kumfanya atoke au aongeze kodi, amefanya kosa la jinai. Zilizobaki huenda kwa hakimu wa mahkama ya chini mwenye mamlaka ya mambo ya ardhi, au kwa Mahkama ya Mazingira na Ardhi.

Mpangaji akifika huko, aweza kuomba mojawapo katika haya, au zaidi ya moja. Aweza kuomba amri ya kumzuia mwenye nyumba na kumrudishia maji, taa na njia yake. Akiwa amefungiwa nje, aweza kuomba arudishwe ndani. Na akiwa hawezi tena kukaa, aweza kusema kuwa mkataba umevunjwa na mwenye nyumba kwa vitendo vyake, aache kulipa kodi ya siku zilizobaki, na adai amana yake, thamani ya vyombo vilivyoharibika, na fidia ya hasara iliyompata. Mahkama haziishii katika kuuliza kama iliandikwa barua ya kumfukuza. Huuliza pia kama nyumba ilifanywa isikalike na kama mwenye nyumba ndiye aliyeifanya. Walakini mtu asikae mwaka mzima akivumilia kimya, kisha ndipo akasema kuwa alitolewa. Kwani kukawia huidhoofisha hoja yake.

Na hoja haisimami pasi na ushahidi. Mwenyezi Mungu, katika aya ndefu kabisa ya Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, amefundisha kuandika deni na kuweka mashahidi; na mpangaji atendewe hivyo na ajitendee hivyo. Muda wa kukaa uandikwe, kwani wanazuoni wa Kishafii wamesisitiza muda wa ijara uwe wajulikana. Kila kodi ichukuliwe stakabadhi, na ujumbe wa simu wa malipo usifutwe. Siku maji yalipokatwa iandikwe tarehe yake. Bati lililoondolewa lipigwe picha. Jirani wawili walioona waombwe wakumbuke. Mwenye nyumba apelekewe barua ya kulalamika, na nakala iwekwe. Na kufuli likitiwa mlangoni, mpangaji asilivunje kwa nyundo usiku, akageuka yeye kuwa mshitakiwa. Aende alfajiri kwa wakili au barazani.

Ama mpangaji mwenye deni la kodi, naye ana la kuambiwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha ya kuwa mtu mwenye uwezo akikawiza kulipa deni, kukawiza kwake ni dhulma. Basi asijifiche nyuma ya maneno ya kurasa hizi mtu ambaye ana fedha mfukoni na kodi ya miezi mitatu hajailipa. Lakini mwenye nyumba naye, ikiwa mdeni wake ana dhiki, amekwisha kuagizwa katika aya ya 280 ya Suratul Baqara ampe muda mpaka apate wasaa. Na ikiwa hana budi kudai, iko njia: mahkama, na dalali mwenye leseni wa kukamata mali kwa kodi. Kuzuia sanduku la nguo na cherehani ya mke wa mtu kwa mkono wake mwenyewe si njia. Mtume amekataza madhara na kulipana madhara; na deni la mmoja halihalalishi dhulma ya mwengine.

Huenda mwenye nyumba akawa hodari. Hakuandika neno, hakuacha shahidi, na mbele ya hakimu akashinda. Huyo na asikie khabari aliyoipokea Ummu Salama, iliyomo katika Sahihi mbili: Mtume alieleza ya kuwa yeye ni binadamu, na watu humjia na magomvi yao, na huenda mmoja akawa fasaha wa hoja kuliko mwenziwe akamhukumia kwa ayasikiayo, basi aliyehukumiwa kupewa haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Nyumba aliyoipata kwa njia hiyo, na kodi mpya aipokeayo kila mwezi, na ahesabu ni vipande vingapi.

Na imepokewa na Ibnu Saad ya kuwa Sayyidna Omar, alipotaka kuupanua msikiti wa Madina, aliitaka nyumba ya Abbas, ami yake Mtume. Abbas akakataa. Omar alikuwa khalifa, na haja yake ilikuwa msikiti, si tamaa ya kodi. Hata hivyo hakumkatia maji wala hakumvunjia paa. Wakaenda kwa Ubayy bin Kaab awahukumu, na hukumu ikawa ya Abbas. Baadaye Abbas aliitoa nyumba ile kwa hiari yake. Ikiwa amiri wa Waislamu hakuitwaa nyumba ila kwa njia iliyo wazi, ni nani katika wenye nyumba wa leo aliye na cheo cha kumpita?

Wabaki majirani. Wao huona mkokoteni ukipita na kitanda, na wengi husema kuwa hayo si yao. Na wakumbuke ya kuwa aliyemrudisha Abubakar Makka alikuwa mtu asiye wa dini yake, ambaye hakukubali kumwona mwema aondoshwa. Jirani Mwislamu ana dai kubwa zaidi juu yake. Aweza kutoa ushahidi. Aweza kumkumbusha mwenye nyumba baada ya Isha, kwa upole, faraghani. Aweza kumpa mpangaji ndoo ya maji na pahali pa kuweka sanduku mpaka shauri lisikizwe. Na lililo dogo kabisa katika uwezo wake ni ulimi: yule mtu atokapo na watoto wake, asilikariri neno la mwenye nyumba kwa kusema kuwa ametoka mwenyewe. Aseme kama alivyosema Siddiki, ya kuwa wamemtoa. Kwani neno hilo ndilo la kweli, na ndilo litakalotakiwa mbele ya hakimu wa dunia na mbele ya Hakimu wa siku ya Kiyama.

Ee Mola, waongoe wenye nyumba watimize mikataba yao, wape wapangaji uwezo wa kulipa na ujasiri wa kudai haki, uwafanye majirani wawe mashahidi wa kweli, na usimjaalie Mwislamu yeyote akutane nawe ilhali dua ya aliyedhulumiwa yamfuata, kwani baina ya dua hiyo na Wewe hapana pazia. Amin.